Kuhesabu Baiskeli kwenye Mstari wa Majivu

Siku ya kwanza kazini nilipewa kofia moja na penseli mbili. Nikaomba kofia mbili na penseli nne, maana miaka yote niliyouza asali sokoni Tabora sikuwahi kukubali bei ya kwanza. Tukaafikiana kofia moja, penseli tatu na kigoda. Mshahara hatukuujadili, kazi yenyewe ilikuwa ya kujitolea.

Tulikuwa tunahesabu baiskeli. Barabara ya upande wa Chemchem ilikuwa inapangwa upya, na Mhandisi alitaka kujua kama wapanda baiskeli wanatosha kutengewa njia yao pembeni, mbali na malori. Wakionekana wachache, njia haijengwi. Kila alfajiri tulimwaga majivu kukata barabara, huo ndio mstari. Baiskeli ikivuka, unachora kijiti kwenye fomu. Cha tano unakilaza juu ya vinne, fungu limetimia. Mtu akienda ni kijiti, akirudi ni kijiti kingine. Mimi nilihesabu waingiao mjini. Mzee Kasanda, mstaafu wa reli aliyehesabu mabehewa miaka mingi kule stesheni ya Tura, alihesabu watokao. Mimi nilihesabu mara mbili: kwenye fomu, kisha kwenye daftari langu. Macho nayo hudanganya, kama mnunuzi.

Asubuhi za pale bado naziota. Vumbi lilining'inia hewani, na baiskeli zikaja bila magurudumu, vichwa na magunia tu, zinaelea. Njia ile ndiyo waliyopita wapagazi zamani, mizigo begani, wakielekea pwani. Kuna wakati nilikaa na penseli hewani, sijui ninaowaona ni wa leo au ni wale.

Shida ilikuwa mchanga. Pale mstarini ulikuwa mzito, na kila mwenye mzigo alishuka hatua tano kabla ya majivu, akasukuma, akapanda tena mbele. Fomu nayo ilisema wazi: anayesukuma ni mtembea kwa miguu, haandikwi. Kwenye daftari langu nilimwandika.

Masanja, muuza mkaa kutoka Igalula, hakujua hayo. Kila asubuhi alinisalimia kwa kilugha, akiniita mama.

"Mwangaluka, mayu! Leo umeniandika?"

"Mwangaluka, baba. Pita tu."

"Pita tu siyo jibu. Juzi lori limenitupa mtaroni na magunia yangu. Hiyo njia inakuja, au mmekuja kupunga upepo?"

Kwenye fomu, Masanja hakuwa na baiskeli.

Wiki ikaisha. Daftari langu limejaa, fomu ina vijiti vya kuhurumia. Mzee Kasanda akaninong'oneza, "Ongeza tu, mama. Nani atajua?"

"Mimi. Niliuza asali, maji sikuchanganya."

"Hata kidogo?"

"Kidogo siyo kuchanganya."

Mhandisi alipokuja kukusanya fomu, nikamwekea daftari juu ya fomu hizo. Akalitazama, akalirudisha.

"Mama yangu, kanuni ni kanuni."

"Basi sogeza mstari hatua hamsini."

"Mstari umo kwenye ramani."

"Hatua ishirini."

"Mama!"

"Haya, mstari usisogee. Masanja huyo anakuja. Panda baiskeli yake, na mkaa wake, uvuke majivu. Ukivuka umekaa, daftari nachana."

Masanja akamwachia usukani kwa furaha kubwa. "Breki hakuna, bosi. Tumia viatu."

Mhandisi akapanda. Akayumba, akanyooka, akaja vizuri mpaka mchangani. Gurudumu la mbele likazama. Akashuka, hatua tano kabla ya majivu, pale pale wanaposhukia wote. Akainamisha kichwa, akasukuma. Ndani ya vumbi lile alikuwa mpagazi kamili, ila ana tai.

Akavuka. "Shikamoo, mama," akasema, na asubuhi ile tulikuwa tumeshasalimiana.

"Marahaba. Nikuandike wapi?"

Akaomba penseli. Akachora safu mpya pembeni mwa fomu: wanaosukuma. Kisha akaomba daftari.

Baada ya hapo nilipangwa stesheni, nikapangwa sokoni, na safu ile nikaikuta kwenye kila fomu. Njia ilijengwa. Nilitaka upana wa hatua tatu, wakatoa mbili, nikapokea. Masanja hupita humo akipiga kengele hata kama mbele hakuna mtu.

Kazi ya kujitolea haina pensheni, lakini kustaafu kupo. Kwangu kuliamuliwa na goti. Siku ya mwisho tulirudishwa Chemchem kuangalia kama njia inatumika. Kazi ilipopoa, nikamkabidhi Mzee Kasanda kofia, kigoda na penseli moja na nusu. Nikashika baiskeli yangu. Goti halikukubali kupanda, nikaisukuma. Vumbi la asubuhi lilikuwa limeanza kushika rangi ya asali. Nilipovuka majivu sikugeuka, ila nilisikia penseli ikikwaruza karatasi.

"Mzee, umechora?"

"Kimoja, mama. Safu ya wanaosukuma."

"Usifunge hesabu," nikamwambia. "Jioni narudi."