Kadi ya Vestine

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha afya kule Busasamana, nilimkuta Mkuu wa Maabara ananusa chupa ya spiriti. Alitaka kujua kama imetiwa maji. Akaninusisha na mimi. "Unaonaje?" Nikasema ni spiriti safi. Akasema, "Umenusa mara moja tu. Nusa tena." Hapo nikajua nimepata mtu wangu. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, na mtoto wa mkimbizi hufundishwa mapema kujua mlango uko wapi na nani amekaa karibu nao. Shaka nilikuwa nayo kabla sijapewa koti jeupe.

Vijana wa leo mna mashine zinazosoma vimistari ubavuni mwa kichupa na kutaja zenyewe damu ni ya nani. Sisi tulikuwa na kalamu. Ukishamtoa mtu damu unabandika jina na namba kwenye kichupa, unaiacha igande, kisha unaitia kwenye mashine ya kuzungusha mpaka chembe nyekundu zishuke chini na juu yabaki maji ya manjano. Maji hayo ndiyo seramu, na humo ndimo tulimotafuta homa ya ini. Bandiko likikosewa, kazi yote imekuwa bure. Ndiyo maana Mkuu wa Maabara alikuwa na sheria moja: "Mtu atakudanganya, kadi haina sababu ya kukudanganya. Soma kadi mara mbili." Mimi niliisoma mara tatu.

Nilipohamishiwa hospitali hapa Gisenyi, sifa yangu ilikuwa imenitangulia. Waliniita Bwana Shaka. Friji ya damu nilikuwa naifungua kwa ufunguo wangu, na kipimajoto chake nilikilinganisha na kingine nilichokificha nyuma ya masanduku. Mganga Mkuu wa wakati ule aliwahi kuniambia mbele ya watu, "Wewe ukifa utaomba kuona cheti." Walicheka sana. Mimi sikucheka, kwa sababu ningekiomba kweli.

Ndipo akaja Daktari Mtafiti. Alikuwa mwanamke mrefu aliyekulia Uganda, mwenye haraka ya kutembea na upole wa kusema. Alikuwa anafuatilia wagonjwa wa homa ya ini ya aina B. Ugonjwa huo, alitueleza, hulitia ini makovu polepole mpaka linasinyaa, na likishasinyaa kabisa dawa haisaidii tena. Linabaki jambo moja, kupandikizwa. Kwa mgonjwa wetu hiyo ilikuwa na maana ya kusafirishwa nje pamoja na ndugu atakayekubali kukatwa kipande cha ini lake. Kwa hiyo siku ya kuandikishwa, kila mgonjwa alipimwa pia kundi la damu, ili ijulikane mapema nani angeweza kumfaa. Swali la utafiti wenyewe lilikuwa hili: nani anaweza kuachishwa vidonge bila ini kuharibika? Mgonjwa ambaye damu yake ingekuwa safi mara mbili mfululizo angesimamishiwa dawa, nasi tungeendelea kumpima kila baada ya miezi mitatu.

Mgonjwa mmoja aliitwa Vestine, mama wa kijijini Cyanzarwe aliyekuwa akivusha mpakani kabichi na karoti kwenda kuuza Goma. Siku ya kuandikishwa, alipotolewa damu na mwenzangu, alikuwa na virusi vingi na kundi lake la damu lilikuwa O. Mara ya pili, damu yake ilikuwa safi.

Nilishtuka. Virusi hivi vinajulikana, haviagi ghafla namna ile. Nikarudia kipimo, safi. Nikapima kundi la damu ambalo hakuna aliyeniagiza kulipima, nikapata A. Mtu habadili kundi la damu kama anavyobadili kitenge. Kwa hiyo vichupa vilikuwa vimebadilishwa baada ya mimi kumtoa damu, na sikuumiza kichwa kutafuta mwizi. Nani alihitaji majibu mazuri? Nani alikuwa na makala ya kuchapisha? Kikulacho ki nguoni mwako. Nikanunua daftari, nikaandika tarehe na matokeo, nikalifungia kabatini.

Mnaniuliza kwa nini sikusema. Nilitaka ushahidi usiopingika. Mtu mdogo akimshtaki mtu mkubwa kwa kipimo kimoja, anayefukuzwa ni mtu mdogo. Nikasubiri mara ya tatu: safi tena, A tena. Daktari Mtafiti alifurahi, akaandika kwenye faili asimamishiwe dawa. Nilimwona anavyotabasamu nikasema moyoni, cheka tu mama, siku zako ziko daftarini mwangu. Ya nne, hali ileile. Ya tano, hivyohivyo. Makala ikachapishwa, ikaletwa ofisini, na mwishoni mwake mlikuwa na jina langu katika orodha ya wanaoshukuriwa. Hata shukrani ile niliiona kama rushwa.

Wiki chache baadaye aliingia maabara mwanamke mwenye macho ya manjano na tumbo lililojaa maji, akaniwekea kadi mezani. Niliisoma mara tatu. Ilikuwa kadi ya Vestine. Nikamtazama, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi nilitazama uso kabla ya mkono. Sikuukumbuka.

"Wewe si Vestine," nikamwambia. "Kadi hii umeitoa wapi?"

"Ni yangu, muzee. Vestine ni mi."

"Vestine namfahamu. Nimemtoa damu mara nne."

Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, maana miguu ilikuwa imevimba. "Ule ni mudogo yangu, Dative. Anashonaka nguo hapa karibu na hospitali. Rendez-vous yenu, ile siku ya kupima damu, inaangukaka siku ya soko, na mi nisipovuka asubui, bakiliya banaenda kununua kwa mwengine. Donc nilimupa carte. Damu ni moya, muzee, si tulinyonya ziwa moya?"

Mgeni atashangaa, lakini mtu wa hapa asingeshangaa. Kwetu watu hushikiana zamu. Kwenye bomba la maji dada anasimama badala ya dada. Kwenye kazi za pamoja za mwisho wa mwezi, akitoka mmoja, nyumba nzima imetoka. Dative hakuona kuwa anadanganya. Aliona anamsaidia dada yake asipoteze siku, akaenda na kadi, akarudi na habari njema kwamba vidonge vimesimamishwa. Na Vestine akaviacha.

Nilichukua daftari langu nikaenda ofisini kwa Daktari Mtafiti. Alilisoma lote kwa utulivu, ukurasa hadi ukurasa. Kisha akauliza, "Mzee, hili la kundi A umelijua tangu lini?"

"Tangu damu ya pili."

"Kabla sijasimamisha dawa."

"Kabla."

"Na ulidhani ni mimi." Hakuuliza, alisema tu. Akafunga daftari akanirudishia kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mkubwa wake kitu. Afadhali angenitukana. Muda wote ule nilikuwa nimengoja kumwona mwizi akiumbuka, na aliyeumbuka pale nilikuwa mimi.

Vidonge vilirudishwa siku ileile, lakini ini lilikuwa limekwenda. Lilibaki lile jambo moja, na Dative alijitokeza kabla hajaombwa. Alisema wachukue kipande watakacho. Ilibidi mimi nimweleze, kwa sababu mimi ndiye niliyelipima: mwenye O hapokei kutoka kwa mwenye A. Alinisikiliza kama mtu anayesikia kesi ya watu wengine. Ndugu yao pekee aliyebaki, wa kiume, alipimwa akakutwa naye ana virusi. Vestine alifariki kabla mvua za masika hazijaisha. Tulimzika Cyanzarwe.

Daktari Mtafiti aliwaandikia wachapishaji mwenyewe na makala ikaondolewa. Wakubwa wake walimnunia, na mwaka uliofuata alihamishwa. Nilisoma tangazo la kuondolewa kwa makala. Lilisema kulitokea "hitilafu katika utambulisho wa mshiriki". Nimelisoma mara nyingi na bado silipendi, kwa sababu linasema hitilafu ilitokea, kama kwamba ilikuja yenyewe ikaketi.

Sasa nimestaafu. Nilipewa saa ya ukutani, nayo naishuku, inachelewa. Vijana wa maabara hunijia kuniomba siri za kazi, nami nawaambia kwamba shaka ni chombo kizuri cha fundi, ila shaka isiyouliza ni woga tu uliovaa koti jeupe. Wanaandika. Sijui kama wanaelewa. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, na mimi mwenye vyeti vitatu nilishindwa na hilo.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa Dative. Anashonea barazani kwa mfanyabiashara mmoja Mwislamu, nyuma ya hospitali. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba nilijua ile damu si ya dada yake tangu kichupa cha kwanza alichonipa, nikanyamaza. Alisimamisha cherehani.

"Mi nilizani haukujua," akasema. "Nilikuwa nasema, masikini ule muzee, tulimudanganya." Akanyoosha kitambaa kilichokuwa mbele yake, akakinyoosha tena. "Kila mara nilikuwa naogopa utaniuliza jina. Na nilishakata shauri, ukiniuliza, nitakuambia kweli. Mara ine ulishika mukono yangu, muzee. Nilikuwa nangojea."