Kurasa za Waliokuja

Padri wa kijiji cha baba yangu hakuwa anaenda kwenye kilio kuzika tu. Baada ya misa aliketi na wamama wazee, akawauliza marehemu alizaliwa na nani, huyo naye alizaliwa na nani, na walifika kilimani, pale kijijini, wakitokea wapi. Yote aliyaandika katika kaye, madaftari ya shule. Kila Jumamosi alishuka Bukavu na kaye moja mkobani, akaniletea niichape kwenye kompyuta, maana ndiyo kazi yangu: nachapa kazi za wanafunzi karibu na chuo.

Katika kaye ya sita nilikuta habari za mtoto aliyevushwa mto Ruzizi mgongoni mwa mama yake, wakati wa njaa. Mama alifariki mwaka uleule, akazikwa kilimani. Mtoto akalelewa na ukoo wa pale mpaka akawa mtu wao. Chini yalifuata majina ya watoto aliowazaa. La kwanza lilikuwa la baba yangu.

Niliacha kuchapa. Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba sisi ni wa pale tangu zamani. Mimi mwenyewe, huku mtaani kwetu Kasha, nimewahi kuwacheka majirani walioitwa watu wa kuja.

Jumamosi iliyofuata nilimuuliza padri kama alijua.

"Nilijua," alisema. "Koko yako, ule mutoto mwenyewe, aliniambia, mbele ya kufa. Niliona muzuri usome peke yako, kuliko kuambiwa na mutu mubaya."

Kabla mwezi haujaisha alikuja tena, siku ya kazi, mikono mitupu. Wanaume watatu walikuwa wamefika parokiani, wapole, wakitaka kuona katika kaye zake nani ni wa pale na nani alikuja. Aliwaambia kazi haijaisha. Wakasema watarudi.

"Futa wale wote walikuja," aliniambia. "Kurasa zao nimekwisha kuzikata na kuzichoma."

"Na siku moja watoto wao wakiuliza?"

"Maman, kwanza wabaki wazima."

Alikaa nyuma yangu nikifuta, familia moja baada ya nyingine. Ya kwetu niliiacha mwisho, nayo nikaifuta. Nilipogeuka, alikuwa analia bila kujificha, yeye aliyewahi kukosana na shefu wa kijiji kwa kukataa kuondoa kayeni jina la mke mmoja tu wa shefu huyo.

Wale watu walirudi kweli, wakachukua kaye zilizobaki. Padri bado anazika watu, lakini siku hizi misa ikiisha anapanda pikipiki na kwenda zake.

Baba nilimweleza yote. Aliuliza tu, "Nani mwengine anajua?" Miezi ikapita. Wiki iliyopita, tukinywa chai, akasema taratibu, "Ule mama alimubeba papa yangu, walimuzika upande gani?"

Ukurasa uliochomwa ulisema. Nakumbuka migomba na kijito; kijito kipi, sikumbuki. Nilimpigia padri simu. Alisema yeye pia amesahau. Sijui kama ni kweli. Baba hajauliza tena.