Rangi ya Idi kwenye Zinki

Kiwanda cha barafu alichokitunza baba yangu kilikuwa chini kidogo ya mtaa wetu wa Mji wa Kale, karibu kabisa na maji. Mashine zake zilipozwa kwa maji ya bahari, na bahari haina adabu, ikiingia bombani huja na wageni wake. Chaza na makombe madogo yalijibandika humo hadi njia ya maji ikawa nyembamba, mashine zikashikwa na homa, na wauza samaki wakaanza kutupigia kelele mlangoni.

Kwa hiyo maji yakipwa tulifungua mabomba tukakwangua. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ufundi pale Buxton nikaenda kufanya kazi naye, na majirani wakacheka kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama hakutupitisha mlango wa mbele kwa ile harufu. Tulizungukia uani, tukaoga huko, ndipo tukapewa chai. Siku hizi wametia kifaa cha umeme kinachotoa shaba kidogo kidogo majini, chaza hawashiki, na hakuna anayenuka. Mimi naikumbuka harufu ile kwa hamu, mnicheke mkitaka.

Kutu nayo ilikuwa na dawa yake: kipande cha zinki kinachofungwa ndani ya bomba, chumvi ikile hicho na chuma kisalimike. Mtupie kuku mtama uani, baba alikuwa akisema, hataingia jikoni. Ila zinki haipakwi rangi, maana ikifunikwa chumvi huligeukia bomba. Kwa kosa hilo aliwafokea mafundi mpaka wakatamani ardhi iwameze.

Kisha akaanza kusahau. Sisi tulisema ni uchovu. Wenye kiwanda waliniuliza kama mzee bado anaiweza kazi, nami nikaapa anaiweza, kwa sababu kumrudisha nyumbani kungekuwa kumzika yu hai.

Ramadhani ya mwaka ule ilipoelekea ukingoni, alifunga zinki mpya peke yake, akakipamba kiwanda kwa Idi. Milango, pampu, hata toroli, vyote vikawa kijani. Baada ya sikukuu nilifungua bomba, nikaikuta zinki nayo ni kijani, imepakwa kwa uangalifu mkubwa. Nililia palepale. Kisha nikaanza kuikwangua kabla watu hawajaingia.

Baba akanitokea nyuma.

"Ni nani alotia zinki rangi?"

"Sijui, baba. Ntamuuliza."

Aliinama akaitazama kwa muda.

"Mwambie. Lakini simfokee mbele za watu. Huenda pana jambo lamsumbua."

Mpaka leo sijui kama alikuwa akimtetea fundi fulani au akijitetea mwenyewe. Aliketi kando yangu, akachukua kisu, tukaikwangua pamoja mpaka ikang'aa. Wenye kiwanda waliponiuliza tena habari zake, niliwajibu kwamba leo mzee amekwangua kunishinda.