Mfuko wa Kaki kwenye Baa ya Wastaafu

Hebu mwone anavyoingia: kofia kwapani, buti zinang'aa, tabasamu pana kama la mtu anayekwenda kuposa. Wenzake wanamwita Breki, kwa utani tu, maana akishika lori breki huwa hazikumbuki.

Ni Jumapili, saa tisa alasiri, katika baa ya wanajeshi wastaafu wa nchi ya watu, kikosi chake kilikopelekwa mwaka jana. Viti virefu, harufu ya dawa ya sakafu, ukuta mzima umejaa picha za vijana waliokwisha kuzeeka. Kila Jumapili wazee hawa huwakaribisha askari wageni, na leo ni zamu ya Breki.

Sasa sikia siri yake, usije ukamcheka mapema. Tangu lori lake likanyage bomu miezi minne iliyopita, mlango ukibamizwa tu, yeye yuko chini ya meza. Anayejua ni mtu mmoja, Mpishi wa kambi, aliyekuwa kando yake siku ile. Mpishi haangushi hata kifuniko cha sufuria kabla ya kupaza sauti: "Kaka, kinaanguka hicho!" Wakubwa wakijua, Breki atarudishwa nyumbani kama mzigo uliooza, na bila lori hana kazi nyingine anayoijua. Kesho Sajini anapeleka majina ya madereva watakaobaki. Ndiyo maana Sajini kaja leo na Breki na Mpishi.

"Daktari wangu yuko baa," Sajini hupenda kusema.

Kwa nini? Kwa sababu baa ile ina mchezo wake. Mgeni akishakaa na bia yake, mtu hujaza pumzi mfuko wa kaki na kuupasua nyuma ya kisogo chake. Akishtuka, hubatizwa Panya, na kofia yake hupigiliwa misumari ukutani.

Mwenye baa, mzee wa mkono mmoja, akauweka mfuko mbele ya Breki.

"Mgeni huchagua, mwanangu. Upasuliwe, au upasue. Ukipasua, kisogo chagua mwenyewe."

Sajini akaweka glasi chini, asipitwe na kitu.

Breki akauchukua mfuko, akaujaza pumzi. Mlio unaoutoa mwenyewe unajua utakuja lini, huo angeuvumilia. Akatazama visogo vilivyokuwepo. Mpishi alikuwa amempa mgongo, anawachekesha wazee. Huyu hana kinyongo, Breki akajiambia, tena ana moyo wa jiwe.

Paa!

Mpishi alianguka mzimamzima pamoja na kiti. Akajikunja sakafuni, mikono kichwani, akimlilia mama yake kwa sauti ya mtoto. Suruali ikalowa. Baa nzima ikaangua kicheko.

"Panya huyo! Mleteeni paka!"

"Nyundo iko wapi jamani?"

Hapo ndipo Breki alipoelewa kwamba zile kelele za jikoni, Mpishi alikuwa akijionya na yeye mwenyewe. Akainama amwinue. Mkono wa Sajini ukamtua begani.

"Mwache. Wewe ulikuwa naye kwenye lori. Hukuwahi kuona dalili?"

Mpishi alikuwa akimtazama kutoka sakafuni.

"Hapana, afande."

"Safi. Kesho jina lako litatangulia."

Breki akacheka pamoja nao. Alicheka kidogo kuliko wote, lakini alicheka.

Alhamisi Mpishi akarudishwa kwao, kichwa wazi. Breki bado anaendesha, tena wanamsifu. Wiki iliyopita alipata barua kutoka kwa mama yake Mpishi: "Mwenzio amerudi hasemi na mtu. Ananiambia moja tu, kwamba wewe ni kaka yake na huko ulimtunza vizuri. Mungu akuzidishie. Lakini niambie ukweli, mwanangu, alipatwa na nini?"

Kalamu anayo, karatasi anayo, mara tatu ameandika "Mama, shikamoo" akakwama hapo. Ungekuwa wewe, mstari wa pili ungeandika nini?