Barua Niliyoifungia Kwenye Droo

Siku ile naikumbuka, mwanangu, ingawa ningetoa ng'ombe ili niisahau. Nilikuwa kijana wa mauzo katika kiwanda cha kamba za katani karibu na Rodi Kopany. Mwenyewe alikuwa Bwana Salim, mfanyabiashara aliyetoka Pwani akaoa huku, akazeekea huku. Ikaja barua nene kutoka nchi ya mbali tulikopeleka kamba zetu. Wenye viwanda wa huko walikuwa wamelalamika kwamba tunauza kwao kwa bei ya chini kuliko tunavyouza nyumbani, ili tuwaue kibiashara. Serikali yao ikatutaka tueleze: katani mnanunuaje, kusokota kunawagharimu nini, nyumbani mnauzaje, na huku kwetu mnauzaje.

Mimi nililelewa sokoni. Mama yangu aliuza omena, dagaa wa ziwani, na jambo la kwanza alilonifunza ni kwamba mwenye kibanda hamwambii mtu alinunua kwa bei gani. Ukiulizwa, cheka, mwongezee mteja kiganja kimoja, aende zake. Basi niliposoma maswali yale niliona ni wapinzani wanaotaka kuchungulia sufuria yetu. Bwana Salim alikuwa mgonjwa, mambo ya nje ameniachia mimi. Nikaifungia barua kwenye droo.

Min Akinyi, yaani mama yake Akinyi, mjane aliyesimamia wanawake wa kusokota, aliiona siku nilipofungua droo kutafuta muhuri. Akauliza ni nini. Nikamweleza kwa majivuno, nikijiona mjanja.

"Wuoda, mwanangu, umeitwa baraza na unakaa nyumbani?" alisema. "Chifu akikukosa atasikia tu jirani yako. Atakata kesi kwa maneno yake peke yake."

"Mama, siwezi ambia watu siri ya biashara."

"Siri gani? Kamba ya hapa ni nene, ya kule ni nyembamba. Si ndiyo maana bei si moja? Waambie hivyo."

Nikamwambia arudi kwenye mashine. Mama wa rika la mama yangu, na mimi nikamwambia arudi kwenye mashine!

Kumbe sheria ya kule ni hivi: anayejibu hupimwa kwa majibu yake, asiyejibu hupimwa kwa maneno ya aliyemshtaki. Kiwanda kingine cha hapa nchini kilijibu kila kitu, maofisa wakaja wakakikagua, kikatozwa ushuru mdogo kikaendelea na kazi. Sisi tulibandikwa ule wa juu kabisa. Kamba yetu ikawa ghali kuliko ya wenyewe, wanunuzi wakatuacha, na soko la nyumbani peke yake halikutosha kuzungusha mashine. Tulikuwa na jibu, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: tulikuwa na jibu la kweli, na aliyelitamka nilimfukuza.

Kiwanda kilifungwa. Wakulima waling'oa makonge wakapanda mahindi. Bwana Salim alihamia kwa binti yake kule mjini Isebania, akafia huko bila kunilaumu. Min Akinyi alirudi kuuza viazi vitamu. Nilipokwenda kumwomba msamaha alinipa kiti, akanipa chai, akarudi kwenye viazi vyake. Heri angenitukana.

Siku hizi nenda Rodi siku ya soko, utamfunga mbuzi wako kwa kamba ya nailoni iliyotoka ng'ambo. Rahisi kweli, na hakuna aliyewauliza kwao wanaiuzaje. Nikiiona natema mate.

Sasa nasikia kampuni yenu ya juisi ya nanasi hapo Homa Bay imepata barua ya maswali, na wewe ndiye mwenye ufunguo wa droo. Nisikilize. Kabla hujauza ng'ambo, linganisha bei ya huko na ya nyumbani, na zikitofautiana uwe na sababu inayosemeka. Ukiulizwa, jibu, tena mapema, hata pale jibu linapokuaibisha; mficha uchi hazai. Usidhani ukweli utakutetea na huku umeufungia. Na mtu wa mashine akikuonya, mwache amalize kusema.

Mungu akupe ulimi usioona haya kueleza kazi ya mikono yenu. Akuepushe na chai niliyokunywa mimi kwa Min Akinyi. Wanawake wanaomenya nanasi hapo kwenu wana watoto shuleni. Itoe barua hiyo leo.