Mshono wa Vazha

Nugzar alifika soko la magari la Rustavi kwa kazi moja tu: kumkagulia binti yake, Khatuna, gari la kupelekea watoto shule. Nani mwingine angemkagulia? Miaka thelathini mzee huyu alikuwa fundi bodi mtaa wa pili tu kutoka pale. Magari yaliyopondeka Amerika, ambayo bima za huko zilikwisha kuyahesabu marehemu, yalishushwa bandarini Poti, na yeye na mdogo wake Vazha wakayafufua.

"Baba, hili la buluu je?" Khatuna aliuliza.

Muuzaji, Malkhaz, kijana mwenye maneno mengi, alikwishatoa simu aonyeshe picha za ajali. Pale sokoni, asiyekuonyesha gari lake likiwa limebondeka huonwa mwongo.

"Liligongwa mbele, na nyuma kidogo, mzee wangu. Kila kitu kimerudishwa."

Nugzar akainua zulia la buti, akapitisha kidole kwenye mshono wa chuma. Moyo ukampiga paa! Alama nne fupi, nafasi, alama nne tena. Duniani alikuwepo mtu mmoja tu aliyechomelea hivyo, na mwaka wa sita huu yuko kaburini.

"Hili tulilitengeneza sisi," alisema. "Mimi na baba yako mdogo."

"Wee! Kweli, baba?"

Zikamrudia siku zile zote. Vazha akiimba kwa sauti yake mbovu, akigoma kula mpaka amalize mstari. Mkate wa moto, jibini na nyanya juu ya boneti iliyolazwa ikawa meza. Gari likikamilika, Vazha alimwagia gurudumu la mbele divai, iliyobaki akainywa kwa kumtakia heri dereva asiyemjua. "Huyu asife," alisema, "akifa nani atatuletea wateja?" Wakacheka mpaka machozi. Raha ilikuwa ile, na wao wakidhani ni kazi tu. Nugzar alitamani kulikumbatia lile bati.

"Tunalichukua," Khatuna alisema, macho yamemlowa. "Watoto wapande gari la babu yao."

"Mungu mwenyewe kawaletea!" Malkhaz akadakia. "Washa, mzee, usikilize."

Nugzar akawasha. Taa za onyo zikawaka, zikazimika moja moja, vizuri kabisa. Ndipo alipokumbuka, na raha yote ikamtoka. Mteja alikuwa na haraka, mifuko ya hewa, ile inayofutuka kumkinga mtu gari likigongwa, ilikuwa ghali, na Vazha akafunga kawaya kadogo ka kuidanganya taa izimike kana kwamba mifuko imo. Kisha wakanywa divai yao.

Angeweza kusema haipendi rangi, wakaondoka, na Vazha akabaki safi machoni pa Khatuna. Lakini kesho angekuja baba mwingine na watoto wake.

"Humu ndani ya usukani hamna kitu," alisema. "Mfuko wa hewa hamna. Mimi mwenyewe nilibandika kifuniko."

"Mzee, unaniharibia biashara!"

"Fungua uone, kijana."

Malkhaz hakufungua. Khatuna alimtazama baba yake, kisha akazitazama safu za magari mpaka mwisho wa soko.

"Na mengine mangapi, baba?"

Nugzar alifungua mdomo amtaje Vazha, akaufunga.

"Mengi, mama," alisema.