Zipu ya Jaketi la Mama

Jaketi lenyewe lilikuwa la buluu, refu mpaka magotini, na nililinunua mimi bila kulijaribu, wiki ile mama alipofika kutoka Tanga. Nyuma ya zipu walishonea ulimi wa kitambaa chepesi, eti kuzuia upepo. Upepo wa Thamesmead, huku kwetu London, haukuzuilika hata kidogo. Kilichozuilika ni zipu. Ukiipandisha, ikifika chini ya kifua tu inaung'ata ule ulimi, inakwama, haipandi wala haishuki.

Mimi nina hasira za karibu. Nasema mapema, asije mtu akadhani hii ni habari ya binti mwema.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao. Kutwa navisha watu: soksi, sweta, makoti. Kulikuwa na mzee mmoja wa Kizungu ambaye zipu ya koti lake ilikuwa na tabia hiyohiyo. Kwake nilikuwa napiga magoti, naingiza kidole kati ya zipu na kitambaa, naichomoa taratibu huku namwambia hatuna haraka, tutafika. Nikirudi nyumbani, kwa mama aliyenizaa, navuta kama mtu anayewasha jenereta.

"Taratibu, mwanangu, utanichuna kidevu."

"Basi simama wima, mama! Unajikunja nini?"

Alikuwa anajikunja kwa sababu pumzi zilikuwa zinamwishia. Moyo wake ulikuwa umechoka, na tulikuwa tunasubiri barua ya kumwona daktari wa moyo. Hilo nilikuwa nalijua vizuri wakati namfokea.

Na mama alikuwa fundi. Amekaa kwenye cherehani miaka na miaka, amewashonea maharusi wa mtaa mzima. Ugonjwa wa jaketi lile aliujua siku ya kwanza. Aliupindua ulimi kwa kidole gumba akasema, "Huu unataka kukunjwa nyuma na kushikizwa, mishono kumi tu. Nitilie uzi kwenye sindano." Mikono ilikuwa bado inaweza. Macho ndiyo yalikuwa hayalioni tena tundu la sindano.

Sasa, mama alikuwa hashiki sindano jua likishazama. Wengi wetu tumelelewa hivyo. Kwetu hata muuza duka, ukimwendea usiku kutaka sindano, atakwambia njoo kesho. Tanga hilo halimkeri mtu, mchana ni mrefu. Lakini London mwezi wa Desemba, saa kumi alasiri giza limeshaingia. Mimi nilikuwa natoka na giza, narudi na giza.

Siku moja nilimletea lile kopo la biskuti tunaloweka nyuzi, nikaliweka mapajani mwake.

"Haya, mama, tushone tumalize."

"Sasa hivi? Usiku?"

"Usiku gani, ni saa kumi na moja! Watoto wa shule bado wako barabarani."

"Jua liko wapi?"

"Mama, huo ni ushirikina."

"Haya, ushirikina. Rudisha kopo."

Nililirudisha kwa kishindo. Siku yangu ya mapumziko ilikuwa Jumanne, na Jumanne wakinipigia simu kwamba kuna shifti, sikuwa nakataa. Jumanne ambazo hawakupiga nililala mpaka mchana wote ukaisha. Mama alikuwa ananiacha nilale, ananifunika na blanketi. Ningeweza kutia uzi chooni kwa siri, nikamwachia sindano dirishani aikute asubuhi. Wazo hilo lilinijia, tena zaidi ya mara moja. Sikufanya. Uchovu ulikuwepo, lakini kubwa lilikuwa ubishi: nilitaka yeye ndiye akubali kwamba amekosea.

Barua ikaja. Tulikuwa tunaingojea tangu mwezi wa Novemba. Miadi ilikuwa mwezi wa Januari, saa tatu asubuhi, na chini waliandika kwa herufi nzito kwamba mgonjwa akichelewa huenda asionwe. Nilimsomea mama mara mbili. Akafurahi, akaniambia nimtolee dera lake la maua, asiende kwa daktari kama ametoka jikoni.

Asubuhi hiyo alikuwa tayari kabla yangu. Dera, sweta mbili, mtandio. Nikamvisha jaketi, nikapandisha zipu, ikang'ata. Nikaishusha, haikushuka. Nikavuta, kitambaa kikazidi kuingia. Mama akatazama saa ya ukutani.

"Iache hivyohivyo, mwanangu. Nitajifunga khanga juu, twende."

"Utoke nje na khanga juu ya jaketi kama mwehu? Ngoja!"

"Basi litatuacha."

"Mama, nimesema ngoja!"

Basi likapita. Nililiona dirishani, nikaendelea kuvuta. Sikuwa tena nampeleka mama hospitali. Nilikuwa napigana na zipu, na ilikuwa lazima nishinde. Ndipo nikamwambia neno ambalo mpaka leo linanichoma: "Hata wagonjwa wangu hawanisumbui hivi." Mama alisimama ameinua kidevu, kama watoto wanavyosimama wakivishwa.

Mwishowe tulitoka na khanga. Tulifika tumechelewa dakika thelathini na tano. Msichana wa mapokezi hakuwa na ubaya, alitazama kwenye kompyuta, akasema daktari ameshaita wengine, tutaletewa barua nyingine. Nilibishana naye mpaka watu wakageuka. Mama akanivuta mkono.

"Si kitu, mwanangu. Twende nyumbani."

Barua ya pili ilisema mwezi wa Machi. Mama alifariki Februari, mchana, kwenye kiti cha dirishani, nami niko kazini. Daktari mmoja aliniambia huenda hata ile miadi isingebadili kitu. Huenda. Wallahi, neno hilo sijui nilifanye nini.

Tulimuosha sisi wanawake, tukamsitiri, akazikwa siku ya mvua. Kazini walinipa siku tatu. Kwetu nguo za marehemu hugawiwa, basi siku ya tatu nikazitoa kabatini, madera, mitandio, sweta, mpaka nikafika kwenye jaketi. Sadaka haitolewi mbovu. Nikaleta kopo.

Ilikuwa saa sita mchana na jua lilikuwepo, jembamba lakini lipo, limeingia mpaka kwenye zulia. Uzi uliingia tunduni mara ya kwanza. Niliukunja ulimi nyuma nikaushikiza. Mama alisema mishono kumi. Mimi nilitia kumi na minne, kwa sababu mkono wangu ni mbaya. Nikapandisha zipu. Ikapanda mpaka juu. Nikaishusha, nikapandisha tena. Kazi nzima ilichukua dakika kumi na mbili. Nililia, tena kwa hasira, nikajipiga paja mpaka likauma.

Jaketi nilimpa mwenzangu mmoja wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mgeni, aliyekuwa anakuja shifti na sweta tupu. Alilivaa palepale kituo cha basi. Zipu ilipanda mara moja mpaka kidevuni. Akajipapasa kifuani, akacheka.

"Asante sana, dada. Ni ya nani hii?"

"Ya marehemu mama."

"Pole sana, dada. Zipu yake ni muzuri, haisumbui. Basi mama hakuteswa na baridi."

Nikamjibu ndiyo, hakuteswa.